Mtaa Uliopoteza Ukingo

Hakuruhusu jiwe liwekwe barabarani kabla mchoro wake haujalala chini kwa chaki siku saba, watu wakiukanyaga. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake, na katika miaka ishirini na sita aliyofanya kazi idara ya barabara ya manispaa hakuivunja hata mara moja. Mkuu wake aliwahi kumwambia kwamba anachelewesha kazi, na kwamba wakandarasi wameanza kumcheka. "Waache wacheke," alijibu. "Wakimaliza kucheka waniletee chaki." Jina lake halisi lilibaki kwenye faili la ajira tu. Ofisini, mitaani, hata kwa wifi yake, alikuwa Bi Chaki.

Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na moja, mjane asiye na mtoto, mwenye magoti yaliyochakaa kwa kusugua lami na ulimi usiojua kubembeleza. Hakupenda mzaha na vipimo. Akipewa mtaa, alianza kuupima mahali palipobana kuliko pote, kwa sababu aliona wachoraji wengi hupenda kuanzia penye nafasi, wakafurahi, kisha furaha ile ikawapofusha hadi mwisho wa kazi.

Mwaka huo alipewa mtaa aliozaliwa. Ulikuwa na urefu wa mita mia mbili na kumi, kutoka barabara kuu hadi lango la soko, na palipobana kabisa ulikuwa na mita tano na sentimita themanini, ukuta hadi ukuta. Humo yalipita malori ya kushusha mizigo, pikipiki, mikokoteni, wagonjwa wa zahanati na watu wa sokoni. Njia ya miguu ilikuwa na upana wa mtu mmoja, tena awe amekonda, na magari yalikuwa yakiipanda kila yanapokutana. Haukupita mwaka bila mtu kuvunjwa mguu pale.

Palipobana kabisa ndipo lilipokuwa duka la kaka yake, fundi nguo. Alimzidi umri kwa miaka kumi na miwili. Wazazi walipofariki ndiye aliyemlea, ndiye aliyemshonea kila sare ya shule, na siku Bi Chaki alipomzika mumewe ndiye aliyemshika begani kaburini. Hakuwa na ndugu mwingine duniani. Mbele ya duka kulikuwa na ngazi tatu za saruji, zilizomiminwa na baba yao kwa mikono yake, zikitokeza mtaani sentimita tisini. Kila asubuhi fundi nguo alikaa ngazi ya pili akitoboa matundu ya vifungo na kupinda pindo, maana ndani mlikuwa na giza, naye hakuiamini balbu. Alisema balbu inadanganya rangi ya uzi.

"Nasikia wamekupa mtaa wetu," alimwambia dada yake, sindano ikiwa mdomoni.

"Wamenipa, kaka."

"Basi sikiliza, mdogo wangu. Upindue miguu juu ukitaka. Panda miti, chimba kisima, mimi simo. Ngazi za baba usiniguse."

Bi Chaki alitoa futi yake ya chuma, akapima ngazi, akapima kilichobaki hadi ukuta wa zahanati upande wa pili, akaandika, akafuta, akaandika tena. Alipoona nafasi inatosha ndipo aliposema, "Hazitaguswa. Nakuahidi."

Hakuwa mtu wa kuahidi ovyo. Alipiga hesabu kwanza, ndipo akafungua mdomo. Kwa hiyo ahadi ile ilikuwa nzito kuliko ahadi za watu wengi, na ndugu yake alilijua hilo.

Mpango wenyewe wengi waliuona kama wazimu. Aliamua kuondoa ukingo wa mawe uliotenganisha watu na magari, kusawazisha ardhi yote ukuta hadi ukuta, kuitandika vitofali vya saruji, kung'oa vibao, na kuweka mabenchi machache na miti michache ili gari lisipate kunyoosha mbio.

"Ukiondoa ukingo," mkuu wake aliuliza, "gari litajuaje lipite wapi?"

"Halitajua, mzee. Ndiyo maana litapunguza mwendo."

Alichora alfajiri na vibarua wawili. Benchi lilikuwa mstatili wa chaki, mti ulikuwa duara. Kisha akaketi kwenye kigoda na daftari lake, siku ya kwanza hadi ya saba, akiweka alama kwa kila kilichopita: miguu, magurudumu, mzigo. Siku ya kwanza watu waliiruka mistari kana kwamba ni mitaro. Mwanamke muuza ndizi, beseni kichwani, alilizunguka duara la mti kwa adabu zote, kisha akasimama ghafla.

"Bi Chaki, mti wako una kivuli?"

"Bado."

"Sasa mbona nimeuzunguka kama mjinga?"

"Umeuheshimu. Ukikua utakukumbuka."

"Utanikuta nimezeeka, labda uniletee fimbo!" akaondoka akicheka, beseni lisitikisike.

Siku ya tatu aliona jambo lililomfanya aweke kalamu chini. Lori la mizigo lilikutana na mkokoteni mbele ya duka la kaka yake, pale pale palipobana, na katikati yao alikuwapo mama aliyebeba mtoto mgongoni. Bi Chaki alisimama kwa hofu. Hakuna aliyepiga honi. Dereva aliinua vidole viwili juu ya usukani. Mvuta mkokoteni alipeleka mikono ya mkokoteni wake upande, kiasi cha kiganja. Mama aligeuza bega. Wakapishana wote watatu kwa utulivu, kama watu wanaokunja shuka pamoja, kila mmoja akijua pembe yake bila kuambiwa. Halafu kila mtu akaendelea na safari yake, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba amefanya jambo la ajabu.

Alikuwa amepima mitaa arobaini na zaidi. Siku ile alihisi kama mtu aliyekaa miaka kando ya mashine akisafisha vumbi la nje, ghafla mtu akamfungulia kifuniko akaona ndani. Watu hawa, aliowasikia wakitukanana kila siku, walikuwa na maarifa ambayo yeye na stashahada yake hawakuwahi kuyaandika popote. Kazi yake ilikuwa kuwaondolea vizuizi, basi.

Siku hizo saba, asubuhi na jioni, alipita pia Fundi Redio. Alikuwa mzee wa miaka sitini asiyeona tangu ujana, mwembamba, mwenye kibanda karibu na lango la soko alikotengeneza redio kwa vidole. Alitembea peke yake, fimbo yake ikigonga ukingo wa mawe, tak, tak, tak, bila kupotea hatua. Bi Chaki aliweka alama: miguu, mmoja. Baada ya siku saba alikuwa na alama kumi na nne za Fundi Redio, na hakuna hata moja iliyosema kwamba haoni.

Ujenzi ulichukua miezi minne. Asubuhi mtaa ulipofunguliwa, Bi Chaki alifika kabla ya jua kupanda, akasimama penye mlango wa zahanati. Vitofali vilikuwa vimenyeshewa, vinang'aa. Magari yaliingia kutoka barabara kuu kwa kasi yao ya kawaida, kisha yakashangaa. Hapakuwa na ukingo, hapakuwa na mstari, palikuwa na watu. Yakapunguza mwendo. Madereva wakaanza kutazama nyuso. Mwendesha pikipiki, mmoja wa wale wasiompisha hata mgonjwa, alisimama kabisa akampisha bibi mwenye magongo, kisha akabaki ametazama huku na huku kana kwamba anatafuta aliyemlazimisha.

"Nani amekuroga leo?" mwenzake alimpigia kelele.

"Sijui bwana. Nimemwangalia machoni, nikashindwa kupita."

Bi Chaki hakuwa mtu wa machozi, na hakulia. Lakini alivua miwani akaifuta mara mbili.

Ndipo alipomwona Fundi Redio. Alikuwa amesimama katikati ya mtaa, sawa na mti uliopandwa usiku. Fimbo yake ilikwenda kulia, ikakuta tambarare. Ikaenda kushoto, tambarare. Nyuma yake gari dogo la mizigo lilikuwa limesimama kwa heshima, na watu walikuwa wakimpita pembeni kwa upole, kila mmoja akimwachia nafasi. Nafasi ile ndiyo iliyokuwa ikimmaliza.

"Nani yuko hapo?" aliita.

"Ni mimi, Fundi. Bi Chaki."

"Bi Chaki. Mtaa mmeupeleka wapi?"

"Uko chini ya miguu yako."

"Huu siyo mtaa. Huu ni uwanja. Mtaa wangu ulikuwa na mfupa. Nilikuwa naugonga, unaniitikia."

Muuza ndizi alimshika mkono akampeleka hadi kibandani. Kabla ya kuondoka, mzee aligeuza uso upande aliodhani Bi Chaki yuko. "Miaka thelathini na minane," alisema, "sijashikwa mkono kwenda kazini."

Hapo Bi Chaki aliliona kosa lake lote, toka mwanzo hadi mwisho. Chaki huonyesha kitakachowekwa. Haiwezi kuonyesha kitakachoondolewa. Siku zote saba alizokaa kwenye kigoda, ukingo wa mawe ulikuwa bado upo chini ya michoro yake, na mzee alikuwa akiugonga mbele ya macho yake, naye akaandika: miguu, mmoja. Kanuni aliyoilinda miaka ishirini na sita ilikuwa kanuni ya watu wanaoona.

Mkuu wake alimpa kiti na chai. "Ni mtu mmoja, Bi Chaki. Mtaa unapitiwa na watu elfu nne kwa siku. Tumtafutie mtu wa kumshika mkono, tumalize."

"Tulisema mtaa wa kugawana, mzee. Anayelazimika kuomba kila asubuhi hajagawiwa."

"Utaandika nini kwenye ripoti? Idara imekosea?"

"Nitaandika mchoraji amekosea. Jina ninalo."

Akaandika hivyo, akaweka sahihi. Nafasi ya naibu mkuu, aliyokuwa akitajiwa, haikutajwa tena. Yeye mwenyewe hakuiulizia.

Keshoye alikwenda kibandani kwa Fundi Redio. Mzee alikuwa amefungua redio, anatafuta waya uliokatika kwa ncha ya kidole kidogo.

"Nifundishe mtaa," alisema Bi Chaki.

"Wewe si ndiye uliyeuchora?"

"Ndiyo maana nimekuja."

Mzee akacheka, akajifuta mikono. "Haya. Fumba macho. Usichungulie, nitajua, pumzi ya mtu anayechungulia haikatiki kwa hofu."

Alimshika kiwiko, wakatembea kandokando ya ukuta. Baada ya hatua kumi Bi Chaki hakujua tena dunia inaanzia wapi. Kila gurudumu lilikuwa juu ya kidole chake, kila sauti ilikuwa karibu mno. Mzee alitembea kama mtu aliye sebuleni kwake. "Hapa duka la mabati. Umesikia? Sauti ya fimbo inarudi kali. Hapa mlango umefungwa, kuna mtu ana msiba au ana deni. Sasa ngoja. Sikia hapa. Sauti imeingia, haikutoka. Vitambaa vimeimeza. Hapa ni kwa kaka yako."

Bi Chaki alifumbua macho. Kweli, walikuwa mbele ya ngazi tatu. Alikuwa amezaliwa hatua chache kutoka pale, na hakuwahi kusikia kwamba duka la kaka yake lilikuwa na ukimya wake. Alimtazama mzee kama anavyotazamwa mtu aliyetoka kutembea juu ya maji. Mtaa mzima, aliouchora mara tisa kwa kipimo cha moja kwa mia, ulikuwa umekaa ndani ya kichwa cha mtu huyu kwa sauti, na yeye alikuwa amemnyang'anya uzi mmoja tu ulioufunga wote.

Dawa ilikuwapo: mstari wa vitofali vyenye migongo iliyoinuka, ambao mguu na fimbo huusoma. Safari hii hakutumia chaki. Alibandika kamba nene chini, kutoka barabara kuu hadi sokoni, kandokando ya ukuta ambako magari hayafiki, akamwomba mzee aifuate kwa siku saba. Upande wa pili usingefaa, kwa kuwa zahanati ilikuwa na mteremko wa viti vya magurudumu. Kamba ilinyooka vizuri hadi mbele ya duka la fundi nguo, na hapo ikabidi izunguke ngazi.

Siku ya kwanza mzee alipofika kwenye kona ile, fimbo yake ilifuata kamba ikitoka nje, lakini mwili wake ulibaki na mwelekeo wa kona. Akaenda moja kwa moja katikati ya njia ya magari. Siku ya pili Bi Chaki aliipunguza kona ikawa ya taratibu. Mkono wa mkokoteni ukampiga mzee begani. Siku ya tatu aliibadilisha tena, na siku ya nne tena. Siku ya tano Fundi Redio alikaa kwenye benchi akisugua bega.

"Bi Chaki, mimi si wa kulalamika. Lakini mstari ukipinda, mimi sijui umepinda kiasi gani. Nyinyi mnaona mwisho wake. Mimi naujua nikishafika."

Alimaliza siku saba kwa sababu kanuni ni kanuni. Jibu alikuwa nalo tangu siku ya tano.

Alimkuta kaka yake kwenye ngazi ya pili, koti la mtu mapajani. Fundi nguo alikuwa ameitazama kamba wiki nzima. Hakuwa mjinga.

"Usiseme," alisema.

"Lazima niseme, kaka."

"Uliniahidi."

"Niliahidi."

"Tena ulipima kwanza. Nilikuona. Kama ungekuwa mropokaji ningekusamehe, lakini wewe ulipima!"

"Nilipima bila kumhesabu yule mzee."

Fundi nguo alichomeka sindano kwenye kola ya shati lake. "Mimi nimekulea. Fundi Redio ni nani kwako?"

"Si mtu wangu."

"Sasa je?"

"Ndiyo hapo, kaka. Kama kazi yangu ingekuwa kuwapimia watu wangu tu, ningekaa nyumbani nikipima mapazia."

"Unaweza kusema ngazi zinabaki?"

"Naweza. Mkuu wangu atasaini kesho, tena kwa furaha."

"Lakini husemi."

"Sisemi. Nitakuwekea benchi pale, hatua tano, jua lote ni lako. Na mlango nitakujengea mteremko kwa ndani."

"Benchi la manispaa," alisema fundi nguo polepole. "Baba alimimina hizi akiwa na homa, unajua? Wewe ulikuwa hujazaliwa." Akakata uzi kwa meno. "Basi uje uvunje mwenyewe. Usinitumie vibarua."

Alikuja Jumatatu asubuhi na nyundo kubwa. Vibarua wawili walisimama kando, wameshika mikono yao nyuma kama watu walio msibani. Ndani ya duka cherehani ilikuwa ikikimbia. Bi Chaki aliinua nyundo, na magoti yake yakalia, akapiga. Saruji ya baba yake ilikuwa nzuri. Ngazi ya kwanza ilichukua nusu saa. Muuza ndizi alipita, akatua beseni chini, akatazama, akalibeba tena. Ngazi ya tatu ilipopasuka, cherehani ilinyamaza, na haikuanza tena siku hiyo.

Mstari ulitandikwa wiki iliyofuata, mnyoofu kama uzi uliovutwa. Asubuhi ya kwanza Fundi Redio alisimama mwanzo wake, akaukanyaga kwa unyayo wa kulia, akaugonga kwa fimbo. Vitofali vikaitikia. Akaondoka. Hakwenda kwa kupapasa. Alikwenda kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kazini, kofia imeegemea upande mmoja, na alipopita mbele ya duka la fundi nguo aliinua kidevu kidogo, akisikiliza vitambaa.

Lililomshangaza Bi Chaki zaidi lilikuja baadaye, na hakuna aliyelipanga. Hapakuwekwa kibao cha kumkataza mtu kusimama juu ya mstari ule. Siku za mwanzo wachuuzi wawili watatu waliweka ndoo zao juu yake. Halafu mmoja akasogeza ndoo kiganja kimoja, jirani yake akasogeza, na kufikia mwezi wa pili mita mia mbili na kumi zilikuwa wazi asubuhi hadi jioni, mtaa ukiwa umejaa watu mpaka kuta zinafuta jasho. Siku moja alimsikia yule mwendesha pikipiki akimfokea mgeni: "Toa tairi hapo! Hiyo ni njia ya macho ya mtu." Akasimama pale, futi mkononi, hana cha kupima. Wasioona wengine wakaanza kuja kutoka mitaa ya mbali, mmoja mmoja, wakitembea kwenda sokoni na kurudi, wengine bila shughuli yoyote, kwa raha tu ya kutembea peke yao.

Fundi nguo aliishi miaka sita baada ya hapo. Alishonea ndani, chini ya balbu. Bi Chaki alimpitia kila Ijumaa, akamsalimu mlangoni, na wifi yake ndiye aliyeitikia. Katika miaka yote sita kaka yake hakusema naye neno, hata siku alizougua, hata siku ya mwisho. Mtaa ule ulimgharimu ndugu pekee aliyekuwa naye.